Kopo nililonunua Ediofe

Wiki hii ni zamu yangu kuandika, na najua wengine mlitegemea niandike tena habari ya mpira wa Lobule au karo za shule. Leo naandika kuhusu maziwa ya mama. Wanaume wenzangu, kama mnataka kucheka chekeni kwanza, halafu mrudi msome mpaka mwisho.

Wengi mnanijua. Niko volontia kule kambi ya Lobule, Koboko, na kazi yangu ni kutafsiri. Akija mama Mkongomani asiyejua Kikakwa wala Kiingereza, mimi ndiyo mdomo wake. Kiswahili, Lingala, Kilugbara na Kiingereza changu cha kidato cha nne, naviunganisha hivyo hivyo, kazi inaenda. Siku za mafunzo ya akina mama nasimama mbele na muuguzi, yeye anasema, mimi nageuza. Maneno yale nimeyasema mara nyingi mpaka naweza kuyasema usingizini: mtoto aanze kunyonya ndani ya saa 1 baada ya kuzaliwa, miezi 6 ya kwanza apewe maziwa ya mama peke yake, hata maji asipewe, baada ya hapo ale chakula huku akiendelea kunyonya mpaka miaka 2 na zaidi. Ndivyo WHO na UNICEF wanavyofundisha, na ndivyo nilivyokuwa nawatangazia mama zenu na dada zenu kwa sauti kubwa.

Halafu jambo likaingia nyumbani kwetu. Na mimi mwenyewe, fundi wa maneno, ndiye niliyetoka mbio kwenda kununua kopo la maziwa.

Yaya

Kwetu Ituri dada mkubwa tunamwita yaya. Wakati tunakimbia, yaya alikuwa na mtoto wa miezi 2. Sitaandika mengi kuhusu ile safari, wengi wenu mna safari zenu. Mtoto yule hakufika. Alihara, akakauka, tukamzika upande wa Kongo kabla ya mpaka.

Wale mama tuliokuwa nao njiani walimwambia yaya kwamba maziwa yake yameharibika kwa hofu. Walisema ameona mambo mabaya, amesikia bunduki, sasa maziwa yamegeuka. Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wanatafuta sababu, na sababu iliyokuwa karibu ni mwili wa yaya. Yeye hakujibu kitu. Akanyamaza na ile maneno moyoni miaka mitano, na mimi sikujua kama bado anayo.

Mwaka 2025 akawa na mimba tena. Shemeji alikuwa amevuka kwenda kutafuta pesa kwenye dhahabu, leo simu yake inashika, kesho haishiki. Kwa sababu uzazi wa kwanza ulikuwa wa shida, yaya alishauriwa siku zikikaribia asikae mbali na hospitali kubwa ya Arua. Basi tukapanga chumba kimoja Ediofe, mahali ambapo kengele za kanisa kuu unazisikia ukiwa kitandani. Mwenye nyumba ni mama mmoja Mlugbara, mjane. Mimi nikawa natoka Lobule kila Ijumaa kwa gari la Koboko, Jumatatu narudi.

Ule mwaka mnaukumbuka. Mwezi wa 5 WFP walitangaza kwamba wakimbizi kama milioni 1 hapa Uganda hawatapata tena chakula kwa sababu pesa zimekatika. Na ukitoka kambini kwenda kukaa mjini ndiyo kabisa, unajitegemea. Yaya alikuwa anakula mara moja kwa siku, bugali na majani ya kunde, ile Walugbara wanaita osubi. Siku nyingine chai na muhogo. Nasema hili mapema kwa sababu mama akilia kwamba hana maziwa, watu wanauliza habari ya titi. Habari ya sahani hawaulizi.

Wiki ya sherehe

Mtoto alizaliwa Jumanne, tarehe 5 mwezi wa 8. Msichana, kilo 2.9. Wafanyakazi wa afya hapa mtacheka: tarehe 1 mpaka 7 mwezi wa 8 kila mwaka ni Wiki ya Unyonyeshaji Duniani. Mimi nilikuwa Lobule nimevaa fulana ya kampeni, natafsiri mbele ya akina mama kwamba kunyonyesha ni jambo rahisi na la asili. Yaya alikuwa Ediofe peke yake na mwenye nyumba, anang'ata kitenge.

Nilipofika Ijumaa usiku niliona. Chuchu zote mbili zilikuwa zimepasuka, moja inatoa damu. Kila mtoto akishika titi, yaya anavuta pumzi kwa meno, anakunja vidole vya miguu. Mtoto ananyonya dakika arobaini, analala, baada ya dakika kumi anaamka na kilio. Hivyo hivyo mpaka asubuhi. Yaya akakamua titi mbele yangu bila haya, yakatoka matone mawili. Akaniambia, "Mdogo wangu, unaona? Hakuna kitu humu."

Asubuhi wakaja majirani, kila mtu na dawa yake. Mmoja alileta maji ya sukari. Mwingine alisema apewe chai nzito ya maziwa. Mwingine aliuliza kama yaya amegombana na mtu, maana hasira inakausha. Wote waliuliza swali moja: "Maziwa yapo kweli?" Nilihesabu, siku ile aliulizwa mara sita. Hata mimi nilimuuliza.

Tulienda kituo kimoja cha afya. Foleni ilikuwa ndefu, watu wa malaria wamejaa. Mhudumu hakumpima mtoto wala hakutazama titi. Akiwa anaandika alisema, "Mama, nyonyesha tu, yatakuja." Nilitafsiri. Wakati natafsiri nikasikia kwamba ile sentensi naijua. Ni yangu. Nimewapa akina mama mia ngapi ile sentensi halafu nikasema "anayefuata"?

Usiku wa Jumapili mtoto alilia mpaka sauti ikakauka. Nikaona ile kaburi ya njiani, bila uongo. Nilikuwa nimeweka pesa kidogo kwa ajili ya kozi ya kompyuta. Kabla ya jua kutoka vizuri nikaenda mjini, nikangoja duka lifunguliwe, nikanunua kopo dogo la maziwa ya unga na chupa ya kunyonyea. Zaidi ya shilingi 40,000. Yaya alipoliona hakusema asante wala hakukataa. Alilichukua tu, kama mtu aliyeambiwa hukumu aliyokuwa anaitegemea.

Na sasa nasema kosa lenyewe. Niliangalia kopo, nikapiga hesabu, nikaona halitafika Ijumaa. Nikamwambia yaya: "Weka unga kidogo, ongeza maji, mpaka nirudi." Mimi. Niliyekuwa natafsiri kila mwezi kwamba maziwa ya kopo yakipunguzwa unga mtoto anashiba maji huku mwili unakosa chakula. Nikapanda gari la Koboko nikiwa na moyo mwepesi, nikiona nimekuwa mwanaume wa nyumba.

Kopo linavyokula maziwa

Ile wiki mtoto alinyamaza. Kila mtu alifurahi. Anakunywa chupa, analala masaa manne, matano. Yaya naye akapumzika, chuchu zikaanza kupona kidogo. Lakini titi lilikuwa linalegea kila siku, na yaya akasema sasa ni kweli, yameisha.

Hapa kuna jambo ambalo nilikuwa sijalielewa hata baada ya kulitafsiri mara nyingi. Maziwa ya mama hayako kama maji ya tangi, kwamba ukitumia kidogo yatabaki mengi. Yako kama kisima cha mchanga kule kwetu: ukichota, yanaingia mengine, ukiacha, kinajifunga. Mtoto akinyonya, ubongo wa mama unatoa kitu kinaitwa prolaktini, hiyo inaamuru maziwa yatengenezwe. Usiku inatoka nyingi zaidi, ndiyo maana wanasisitiza kunyonyesha usiku. Titi likikaa limejaa bila kuchotwa, linapokea habari kwamba maziwa hayahitajiki, linapunguza. Kwa hiyo kila chupa niliyonunua ilikuwa inaliambia titi la yaya: punguza. Halafu likipunguza, tunasema "unaona, tulijua," tunaongeza chupa. Kopo linatengeneza njaa ambayo linakuja kuitibu.

Ijumaa nilipofika, kopo lilikuwa limebaki kama vijiko vinne. Mtoto alikuwa anahara majimaji tangu jana yake. Vitambaa vya mkojo vilikuwa vitatu tu tangu asubuhi. Midomo mikavu. Yaya alikuwa amekaa kwenye mkeka anamtazama, hakuwa analia. Hapo niliogopa kuliko siku zote.

Sista aliyekaa chini

Jumamosi alfajiri mwenye nyumba alitupeleka kwenye kituo kingine, kwa muuguzi mmoja mtu mzima anayemjua. Sista yule alimpima mtoto: kilo 2.65. Siku ya 11, na yuko chini ya uzito wa kuzaliwa. Mtoto kupungua kidogo siku za kwanza ni kawaida, lakini akifika wiki 2 anatakiwa awe amerudi pale alipoanzia. Alimpima joto, akavuta ngozi ya tumbo, akatazama macho na utosi. Akasema angeona dalili mbaya zaidi angetutuma hospitali kubwa saa ile ile, na kesho lazima turudi.

Halafu alimuuliza yaya swali ambalo hakuna mtu alikuwa amemuuliza tangu azae: "Jana ulikula nini?"

Yaya akasema chai.

Sista akapima mkono wa juu wa yaya kwa ule utepe, ikasoma 22.4. Mama anayenyonyesha akiwa chini ya sentimita 23 anahesabiwa kwamba mwili wake naye unahitaji msaada. Akaandika hilo kwenye kitabu. Kisha akavuta kigoda, akakaa chini kabisa, macho sawa na titi, akasema: "Sasa mnyonyeshe nikuone."

Nikaanza kutoka. Akaniita, "Wewe kaka, unaenda wapi? Nani atatafsiri? Kama unaona haya, tazama ukuta." Basi nikatafsiri nikiwa nimegeukia ukuta, uso wangu uko karibu na picha ya chanjo.

Nasikia tu. Akamwambia yaya mtoto asilale chali na shingo imegeuka. Tumbo la mtoto liguse tumbo la mama, kichwa na mgongo viwe mstari mmoja. Pua ielekee chuchu. Asimsukumie titi mdomoni. Amguse mdomo kwa chuchu, angoje mpaka mdomo ufunguke wazi kama anapiga miayo, halafu amlete mtoto kwenye titi haraka. Kidevu kiguse titi. Mdomo wa chini upinduke nje. Ile sehemu nyeusi ionekane zaidi juu ya mdomo kuliko chini. "Mtoto wako alikuwa ananyonya chuchu," alisema. "Anatakiwa anyonye titi. Chuchu ukiitafuna inapasuka na maziwa hayatoki. Ndiyo maana wewe una vidonda na yeye ana njaa. Ni ugonjwa mmoja huo."

Walijaribu mara tatu. Mara ya nne sikusikia yaya akivuta pumzi kwa meno. Nikangoja. Kimya. Halafu nikasikia mtoto anameza. Mnaijua ile sauti? Ndogo sana, kama "kha, kha". Sista akasema, "Hiyo. Uisikilize hiyo, usiwasikilize majirani."

Hapo yaya aliuliza. Kwa Kiswahili chetu, taratibu, nami ilibidi nigeuze kwa Kiingereza nikiwa bado natazama ukuta: "Sista, maziwa ya mtu aliyeona vita yanaweza kuua mtoto?"

Nilijua anauliza habari ya mtoto gani. Sikuweza kutafsiri mara moja, koo lilikuwa limefunga.

Sista alijibu hivi, nawaandikia kama nilivyotafsiri. Hofu haiharibu maziwa. Haiyageuzi sumu, haiyachachishi. Kuna kitu kingine mwilini kinaitwa oksitosini, kazi yake ni kusukuma maziwa yatoke. Mama akiwa na hofu kubwa au maumivu, hiyo inachelewa, kwa hiyo maziwa yapo ndani ila yanasita kutoka. Mama akitulia, akimshika mtoto ngozi kwa ngozi, yanatoka tena. "Mtoto wako wa kwanza aliugua kuhara njiani, mahali hakuna maji safi wala dawa," alisema. "Maziwa yako ndiyo kitu kizuri pekee alichokuwa nacho."

Yaya alilia. Sista hakumwambia anyamaze. Foleni ilikuwa nje, na bado hakumwambia anyamaze.

Mpango wa wiki moja

Kopo hakulitupa. Alisema mtoto amepungua, tusimwache na njaa tukisubiri maziwa yapande. Kwa hiyo kwanza titi, pande zote mbili, mara 8 mpaka 12 kwa siku na usiku wake. Akimaliza, yaya akamue kwa mkono kwenye kikombe safi, hayo apewe mtoto kwa kikombe kidogo. Ndipo maziwa ya kopo, kiasi kidogo, kwa kipimo kilichoandikwa na maji yaliyochemka, na yapungue kila siku kadiri mkojo unavyoongezeka. Chupa tuiache kabisa: kuisafisha ni kazi, na inamzoesha mtoto kunyonya kwa namna nyingine. Kikombe unakiosha ukakiona mpaka chini.

Mimi akanipa kazi tatu. Kupika, kufua, kuhesabu. Mtoto aliyepita siku 5 anatakiwa kulowanisha vitambaa 6 au zaidi kwa masaa 24. Akikojoa hivyo na mkojo ni mweupe, na uzito unapanda, maziwa yanatosha, hata kama analia. Titi kuwa laini au matone kuwa machache ukikamua hakuonyeshi kwamba maziwa yamekwisha.

Niliomba ruhusa wiki moja Lobule. Niliandika kwa mkaa ukutani, nyuma ya mlango. Siku ya kwanza vitambaa 3. Ya pili 4. Ya tatu 4 tena, nikakata tamaa. Ya nne 7. Nilikimbia nje kumwambia mwenye nyumba kana kwamba nimefaulu mtihani.

Vijana wa boda pale njiani walinicheka sana. Mwanaume anafua nepi, ati mkimbizi amegeuka mke wa dada yake. Nilikuwa nasikia haya, siwadanganyi. Mwenye nyumba akatoka na bakuli la karanga za kusaga na osubi, akampa yaya, akawaambia wale vijana kwa Kilugbara kwamba wao pia walifuliwa na mtu. Tangu siku hiyo alikuwa anapika sufuria moja kwa nyumba mbili. Pesa zilizobaki za kozi zilinunua maharage, mukene na unga wa uji. Hesabu niliifanya baadaye: bei ya kopo moja ilitulisha yaya karibu wiki mbili. Mama aliyekonda bado anatengeneza maziwa, mwili wake unayatoa kwenye akiba yake yeye. Ukimlisha mama, unalisha wawili.

Shemeji alipopatikana kwenye simu swali lake la kwanza lilikuwa, "Maziwa yapo?" Nikamnyang'anya yaya simu. Nikamwambia, shemeji, kwa heshima, usiulize hivyo tena. Muulize kama amelala, muulize kama amekula, halafu tuma kitu.

Tarehe 23 mtoto alikuwa kilo 2.87. Kopo lilikuwa limeisha siku nyingi na hatukununua lingine. Alipofika wiki 6, siku ya chanjo, kilo 3.6. Wiki hiyo hiyo jioni akaanza kunyonya bila kupumzika, na titi la yaya lilikuwa laini kama la mtu asiyenyonyesha. Nikaona anaanza kuogopa. Kumbe mtoto akikua ghafla anafanya hivyo siku chache, anaagiza maziwa zaidi. Yaya akaenda nyuma ya mlango mwenyewe, akahesabu. Nane. Akarudi, akakaa, akamnyonyesha.

Kwa volontia wenzangu na mashirika

Sisemi haya ili mama yeyote anayetumia kopo aone aibu. Kuna mama aliyetoka damu nyingi wakati wa kuzaa, kuna mgonjwa, kuna mtoto ambaye mama amefariki, kuna wachache ambao maziwa kweli hayatoshi hata wakifanya yote. Kwa hao kopo ni kama dawa, linatolewa na mhudumu wa afya, kwa kipimo, kwa maji safi, na mtoto anafuatiliwa. Ndiyo maana tangu 1981 kuna Kanuni ya kimataifa inayozuia kampuni kutangaza na kugawa makopo ovyo, na watu wa misaada wanakataa makopo ya bure yasiyo na mpango. Zamani nilidhani ni roho mbaya. Sasa nimeona kwa macho yangu kopo moja lililonunuliwa kwa upendo linavyoweza kufanya.

Lakini pia nawaambia ninyi mnaotufundisha, na mimi nikiwemo: mama hawezi kulishwa kwa sentensi. Yaya alijua miezi 6, alijua maziwa ya kwanza ya njano, dang'a, na alimpa mtoto. Kilichokosekana ni mtu wa kukaa dakika ishirini na kutazama mtoto akinyonya. Watu wengi waliongea, mmoja tu alitazama. Na mama aliyekimbia vita anaweza kuwa amebeba neno ambalo hatalisema kwenye foleni. Mpeni nafasi aulize.

Lobule sasa tumefunga kitenge pembeni ya chumba, kuna mkeka na kigoda. Akija mama na kilio cha maziwa, muuguzi anakaa, mimi nageukia ukuta, naanza na "jana ulikula nini?"

Ninyi kaka ambao mna dada, mke au jirani aliyezaa: pika, fua, hesabu vitambaa. Mtoto wa chini ya miezi 2 akikataa kunyonya, akiwa na joto au baridi isiyo ya kawaida, akilala sana na haamki kula, akipumua haraka, akihara au kukojoa kidogo sana, msinunue kitu dukani. Mpelekeni kituo cha afya saa hiyo hiyo, hata usiku.

Mtoto wetu sasa amepita miezi 6. Anakula uji wa karanga na bado ananyonya, na akimwona yaya anavuta nguo mbele za watu bila adabu. Lile kopo lipo dirishani, yaya anawekea chumvi. Nilitaka kulitupa, akakataa, akasema ni kopo zuri, lina kifuniko.

Wauguzi mlioko humu, kama nimekosea mahali nisahihisheni. Na wewe mama unayesoma hii usiku huku unanyonyesha, umekula leo?